Namna ninavyotunza nyasi za uwanja unaochezewa kila kitu

Uwanja ninaoutunza uko Dar es Salaam, umezungukwa na njia za riadha. Jumamosi kuna mpira wa miguu, katikati ya wiki wanafunzi wanarusha mkuki na kisahani, mara moja moja vijana wa raga wanakuja kusukumana, na Jumapili nyingine nakuta jukwaa na viti vya plastiki vya mkutano wa injili. Zulia ni lile lile moja. Watu wakinitembelea huuliza kwanza natumia mbolea gani. Mimi huwatolea bisibisi mfukoni.

Hatua ya 1: Choma udongo kabla ya kununua chochote

Tafuta bisibisi yenye chuma cha sentimita 15 hivi. Kila Jumatatu asubuhi napita nayo sehemu tisa, zile zile kila wiki: midomo ya magoli, duara la kati, njia wanazokimbia washika vibendera, mahali mikuki inapodondokea. Ikizama hadi mpini kwa mkono mmoja, hewa na maji vinapita. Ikigota kwenye sentimita tano, mizizi nayo imegota hapo hapo. Nyasi za hapo ukizimwagia urea zitapendeza siku kumi, kisha beki mmoja akiteleza, pande zima linabanduka kama ukoko wa wali kwenye sufuria.

Usichome mara tu baada ya kumwagilia, maana udongo mbichi hudanganya. Andika matokeo kwenye daftari, hata kwa alama za vema na kosa.

Hatua ya 2: Jua una nyasi gani

Kwa joto la Pwani, ukoka ndio mfalme. Viwanja vingi duniani vya nchi za joto vina chotara iitwayo Tifway 419, iliyotolewa Georgia, Marekani, mwaka 1960. Mzazi wake mmoja ni ukoka wa kawaida, mwingine ni ukoka mwembamba wa Afrika Kusini. Chotara hii haizai mbegu; hupandwa kwa vipande vya mashina au kwa mikeka ya nyasi zilizokwisha ota. Kwa hiyo akija mtu na pakiti ya mbegu akisema ni Tifway 419, mwagize chai, mpe pole ya safari, ila usinunue.

Kama kisima chako kina chumvi, na visima vingi vya karibu na bahari vinayo, fikiria paspalamu, inavumilia chumvi kuliko ukoka. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ziachie watu wa Arusha na Nairobi wenye baridi yao.

Hatua ya 3: Kata kidogo, kata mara nyingi

Mimi nakaa kwenye milimita 25. Sharti ni moja: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukitaka 25, mashine iingie kabla nyasi hazijapita 37. Wakati wa mvua na joto hiyo ni mara tatu kwa wiki. Julai mara moja inatosha. Ukichelewa, usikate zote kwa siku moja ukadhani umejikomboa. Utaacha vijiti vya kahawia, na mechi ya televisheni itakuumbua.

Noa visu. Chuchumaa, tazama ncha ya jani baada ya kukata: ikiwa imekatika safi, sawa, ikiwa na nyuzi nyeupe, mashine inatafuna, haikati. Na badili mwelekeo kila mara, la sivyo nyasi hulala upande mmoja.

Hatua ya 4: Maji kwa hesabu

Eneo la mita 105 kwa 68 lina mita za mraba 7,140. Milimita moja ya maji juu yake ni lita 7,140. Tangi la lita 10,000 ambalo mwenye uwanja analionea fahari halifikishi hata milimita moja na nusu. Mwoneshe hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hajauliza kwa nini bili imepanda.

Kupima vinyunyizi, kusanya makopo ishirini ya nyanya yanayolingana, yapange uwanjani, fungulia maji dakika 15, kisha pima kila kopo kwa rula. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kopo la kona moja lilikuwa na milimita saba, la katikati mbili. Mwaka mzima nilikuwa nalaumu mbolea.

Mwagilia alfajiri, kwa wingi, kisha pumzisha siku moja au mbili ili mizizi ishuke kutafuta maji. Ukinyunyiza kidogo kila jioni, mizizi inabaki juu inasubiri kuhudumiwa.

Hatua ya 5: Mbolea

Nyasi zikiwa kwenye kasi, nazipa gramu tano za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mwezi. Kwa eneo lile ni kilo 36 hivi za naitrojeni, na kwa kuwa urea ina asilimia 46, ni kama kilo 78 za urea: mfuko mmoja na nusu. Igawe mara mbili, wiki mbili zikipita katikati, na ufungulie maji papo hapo. Potasiamu usiisahau, husaidia nyasi kuvumilia kukanyagwa. Ukiweka madini ya chuma ili rangi ikolee, yasiguse njia za riadha. Doa lake la kutu kwenye tartani, ule mpira uliotandazwa kwenye njia hizo, halitoki.

Hatua ya 6: Siku ya tukio na kesho yake

Hapa ndipo kazi ilipo. Mpira wa miguu haujawahi kunitesa kama mahema.

Kabla ya tukio, chora ramani ya mabomba na umpe anayefunga jukwaa mkononi. Mimi niliwahi kutegemea maneno matupu. Vijana wa kampuni moja ya mahema walipigilia chuma usiku, kikatoboa bomba kuu, na asubuhi nikakuta bwawa kwenye boksi la 18. Siku hizi nasimama pale mwenyewe, na mahema yanafungwa kwa mapipa ya maji, hakuna kupigilia kitu. Magari yanapita juu ya mbao nene, hasa yanapovuka tartani. Sakafu ya viti iwe ya vipande vyenye matundu, na itolewe usiku ule ule. Turubai likikaa kutwa juu ya ukoka kwa jua letu, utakuta nyasi zimepikwa.

Kesho yake, kabla ya mashine kuingia, buruta sumaku. Nilifunga sumaku za spika kuukuu kwenye ubao wenye magurudumu. Kila baada ya mkutano inaokota misumari na pini kiganja kizima. Msumari mmoja ukiingia kwenye kisu cha mashine, umemaliza wiki.

Kisha mashimo. Pande lililong'olewa na njumu lirudishe siku hiyo hiyo likiwa bichi, ukandamize kwa mguu. Tundu la mkuki jaza mchanga, basi. Nyundo ya kurusha ni habari nyingine: ile ya wanaume ina kilo 7.26 na inaacha bakuli. Usiinue kitako cha bakuli kwa uma wa bustani, utakata mizizi iliyosalia. Choma uma pembeni, sukuma kingo ziende katikati, jaza mchanga panapopungua. Pakishindikana, kata kipande cha mraba na uweke mkeka kutoka kitaluni. Lazima uwe na kitalu: nyuma ya goli, mita za mraba 200, nyasi ile ile na mchanga ule ule. Kama una kiwanja cha pembeni, nyundo ihamie huko.

Na makipa. Karibu kila jioni kocha wao huja:

“Fundi, nipe dakika arobaini tu golini.”

“Mwalimu, goli la kuhamisha lile pale. Kipa apashe kule, hapa asubiri mechi.”

Ananuna, anakwenda. Mdomo wa goli langu una nyasi mwezi wa Mei.

Hatua ya 7: Masika

Udongo uliolowa ndio unaoshindiliwa zaidi. Mechi ya ligi siwezi kuizuia, ila mazoezi nayazuia bila aibu. Kipimo changu ni kiatu: nikikanyaga na maji yakapanda pembeni ya soli, geti linafungwa. Baada ya mvua tazama pia ndege. Kunguru na yangeyange wakijazana sehemu moja wanadonoa, changanya vijiko viwili vya sabuni ya vyombo kwenye lita 10 za maji, mwaga mita moja ya mraba. Kama ni viwavijeshi, ndani ya dakika chache watapanda juu wenyewe. Ndago usiing'oe kwa mkono ukadhani umeshinda; viazi vyake vinabaki chini. Dawa yenye halosulfuroni inaimaliza bila kuua ukoka.

Hatua ya 8: Toboa, weka mchanga

Ligi ikiisha tu, naanza. Mashine ya kutoboa ikikosekana, fundi wa kuchomelea atakutengenezea fremu yenye mabomba ya nusu inchi yaliyonolewa. Toboa sentimita 8 kwenda chini, tundu hadi tundu sentimita tano, na vipande vinavyotoka vifagiwe. Ni muhimu bomba liwe wazi. Nondo inatoboa lakini inabana kuta za tundu.

Kisha mchanga, milimita tatu: mita za ujazo 21, tripu tatu za lori la mita saba. Uwe wa mto, uliochekechwa. Wa baharini una chumvi na vipande vya makombe. Kabla dereva hajamwaga, tia konzi moja kwenye chupa ya maji, tikisa, weka chini. Dakika tano baadaye maji yakiwa bado kama chai ya maziwa, una udongo wa mfinyanzi humo, lori ligeuze. Ukiukubali, fagia mchanga uingie matunduni, mwagilia, funga geti wiki nne. Jumatatu ya wiki ya pili chomeka bisibisi pale ilipogota mwezi uliopita.