Jinsi ya kumshuhudia mtu usiyemjua mtaani habari za Yesu

Nendeni wawili wawili, Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake hivyo (Marko 6:7), mmoja anaongea mwenzake anaomba kimoyomoyo. Mtu anayekimbilia basi achana naye, tafuta aliyekaa, msalimie, jitambulishe, muulize kama ana dakika mbili, akikataa mshukuru upite zako, sio unamfuata fuata na kipeperushi. Akikubali usianze na moto wa jehanamu jamani! Anza na swali, mhubiri Filipo kwenye Matendo ya Mitume 8 alimuuliza tu yule towashi wa Ethiopia aliyekuwa anasoma maandiko kama anaelewa anachosoma, alafu msikilize mpaka amalize, hapa ndo wengi tunafeli. Mwambie kwa kifupi Yesu kakufanyia nini wewe, fungua Yohana 3:16 asome mwenyewe. Akitaka maombi omba hapohapo, sauti ya kawaida, na usimshike kichwa bila ruhusa.