Kabla ya Kulipia Santuri Adimu ya Muziki wa Soul

Usifuate bei anayoitaja muuzaji. Fungua tovuti ya Discogs au Popsike, zinazoonyesha mauzo ya santuri yaliyopita, uone nakala kama hiyo ziliuzwa kwa kiasi gani. Toleo jipya rasmi likitoka, wanaotaka wimbo tu hutosheka nalo. Nakala ya zamani iliyochakaa ndiyo hukosa mnunuzi.

Kisha inamisha santuri chini ya taa, usome alama kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Kwa mfano, santuri zilizotengenezwa na kiwanda cha Monarch, Los Angeles, kwa kawaida zina "MR" ndani ya duara, na pembetatu ndogo inayofuatwa na namba. Zikikosekana kwenye santuri inayodaiwa kuwa ya Monarch, shuku bandia.

Nyingi za Monarch ni stairini (plastiki ngumu), si vinili (plastiki ya kawaida ya santuri): hung'aa huku sindano imeshakula sauti. Sikiliza hasa sekunde 10 za mwanzo, ambapo madijei waliirudisharudisha chini ya sindano wakitafuta mwanzo wa wimbo.