SOMO: Kubadilisha kulanti mwenyewe bila kuacha hewa ndani ya injini

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Nimebadilisha kulanti jana, leo gari linachemsha, tatizo nini?" Karibu mara zote tatizo ni hewa iliyobaki kwenye njia za kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini. Nimeshajibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Andaa hivi: beseni pana, plaizi, glavu, miwani ya kukinga macho, maji yaliyokenekwa ya kutosha (yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, hayana chumvichumvi), kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili iwe faneli.

1. Gari lipoe. Lipoe kabisa, siyo kidogo. Shika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu: usikuunguze, na ukiuminya uwe laini. Ukiwa mgumu, bado kuna presha. Mifuniko mingi ya rejeta hushikilia presha ya karibu bar 1, na presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua likiwa la moto, presha inaondoka, maji yanageuka mvuke papo hapo, na uso wako uko juu yake.

2. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka beseni chini ya rejeta.

3. Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha zima. Kwenye magari yenye vali ya hita, hii ndiyo inayoifungua njia.

4. Fungua mfuniko wa juu, halafu plagi ya chini ya rejeta. Plagi nyingi ni za plastiki, usizilazimishe. Ikigoma, chomoa mpira wa chini.

5. Tazama kilichotoka. Kikiwa na tope jekundu, ni kutu. Kikiwa na mafuta juu yake, simama hapo hapo: hilo si suala la kulanti tena, kapime gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku, yaani mwili wake).

6. Funga plagi, jaza maji yaliyokenekwa, washa injini mpaka ipate moto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe.

7. Kipimo. Hapa wengi hukosea hesabu. Ukifungua plagi ya rejeta haitoki yote iliyomo kwenye mfumo. Sehemu yake hubaki kwenye bloku na kwenye hita. Kwa kuwa umesuuza, kilichobaki humo ni maji matupu. Ukijaza kulanti iliyokwisha changanywa 50 kwa 50, ndani itakuwa nyepesi kuliko unavyodhani. Tafuta kwenye kitabu ujazo wa mfumo wote. Tuseme ni lita 6: mimina kwanza lita 3 za kulanti nzito isiyochanganywa, kisha malizia kwa maji yaliyokenekwa. Ndiyo maana kwa kazi hii nanunua nzito, siyo ile iliyo tayari.

8. Kutoa hewa. Naomba hapa msome polepole.

Mara yangu ya kwanza nilijaza mpaka shingoni, nikafunga mfuniko, nikaondoka. Mshale wa joto ulikaa chini kabisa na nikafurahi, nikaona gari limepoa kuliko siku zote. Kulikuwa na ukungu kwenye kioo, nikawasha hita, ikapuliza baridi. Sikuelewa kwamba gari lilikuwa linaniambia kitu. Nilipoanza kupanda mlima, mshale ukaruka kutoka chini hadi kwenye nyekundu, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tu. Niliposimama nikasikia injini inabubujika kama sufuria yenye kifuniko. Ilipopoa, niliongeza karibu lita mbili ndipo ikajaa. Lita mbili hizo zote zilikuwa hewa. Hedi ya aluminiamu ilikuwa imeshapinda na gasketi imeungua.

Sensa ya joto imetengenezwa ioge ndani ya kimiminika. Ikikaa kwenye mfuko wa hewa, inapima hewa, na geji inakuonyesha ubaridi wakati chuma kinaungua. Kwa hiyo siku ya kubadilisha kulanti, usiiamini geji peke yake. Iamini hita na mpira wa juu.

Fanya hivi. Inua pua ya gari, kwa kupandisha magurudumu ya mbele kwenye ngazi za gari (ramp) au kwa kuegesha likiwa limeelekea mlimani, ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko kila kitu. Kama injini yako ina skrubu ya kutolea hewa (mara nyingi iko karibu na themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili kulanti ipite kwenye rejeta, au kwenye mpira wa hita), ilegeze. Chomeka chupa yako kwenye shingo na umimine taratibu, uzi mwembamba tu. Ukimwaga kwa pupa unaifungia hewa humo humo. Huku unamimina, minya mpira wa juu na uachie, minya na uachie. Utasikia unakoroma na mapovu yatapanda kwenye chupa. Kwenye skrubu yakianza kutoka maji bila mapovu, kaza.

Sasa washa injini, mfuniko ukiwa wazi, chupa ikiwa na maji hadi nusu, hita kwenye moto wa mwisho, feni ya ndani polepole. Iache sailensa, yaani iungurume yenyewe taratibu, usikanyage mafuta. Dakika za kwanza hakuna kinachotokea, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kufunga. Subirini. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Ikifunguka utaona mambo mawili kwa mpigo: mpira wa juu unapata moto ghafla, na maji kwenye chupa yanashuka kama yamemezwa. Ongeza. Endelea mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, mapovu yaishe, na hita ndani ipulize moto kwelikweli. Hapo zima, funga mfuniko.

Tahadhari za hatua hii:
- Feni ya umeme inaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa. Ondoa vidole, mikono mirefu ya shati na tambara.
- Maji yakianza kuruka kwenye chupa, zima injini na ujitenge. Usijaribu kuyazuia kwa mkono.
- Geji ikipanda huku mpira wa juu bado wa baridi, zima mara moja. Ama hewa imeziba, ama themostati haifunguki.
- Gari lisilo na mfuniko kwenye rejeta, lenye tangi la presha pembeni, kazi yote hii hufanyika kwenye tangi hilo.

9. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, fungua utazame. Karibu kila mara litakuwa limeshuka kidogo. Ongeza. Rudia siku tatu nne mpaka litulie.

Kulanti ya zamani usimwage chini. Ethilini glaikoli, iliyomo kwenye kulanti nyingi, ni sumu na ina ladha tamu. Mbwa, paka na watoto huionja. Itie kwenye dumu lenye mfuniko, andika juu yake, uipeleke panapopokea mafuta machafu.

Maswali karibu.

---

Spana Kumi: Mkuu asante. Sijasoma yote, niambie tu maji kiasi gani na kulanti kiasi gani?

Mwandishi: Hatua ya 7.

Spana Kumi: Gari yangu ni ndogo lakini.

Mwandishi: Hatua ya 7 inasema utazame ujazo kwenye kitabu. Kitabu cha gari lako unacho wewe.

Dada wa Usukani: Naomba kuelewa jambo moja. Kama kulanti ni nzuri kuliko maji, kwa nini tusijaze kulanti tupu? Ingekuwa imara zaidi.

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Kazi ya kubeba joto inafanywa na maji. Kilo moja ya maji hubeba karibu kilojuli 4.18 kwa kila nyuzi moja ya joto. Glaikoli tupu hubeba karibu 2.4 tu, tena ni nzito na inatembea kwa uvivu. Ukijaza tupu, injini itakuwa na moto zaidi. Na cha kushangaza, hata kwenye baridi ni hasara: glaikoli tupu huganda karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, lakini ukiichanganya nusu kwa nusu na maji huganda karibu 37 chini ya sifuri. Mchanganyiko huo huchemka karibu nyuzi 107, na ukiwa chini ya presha ya mfuniko huvuka 125. Kwa hiyo maji yanabeba joto, glaikoli inasogeza mipaka ya kuganda na kuchemka, na dawa zilizomo humo zinazuia kutu. Kila mmoja ana zamu yake.

Dada wa Usukani: Kwa hiyo mfuniko uliochoka unaweza kufanya gari lichemshe hata kulanti ikiwa sawa?

Mwandishi: Ndiyo kabisa, na umegusa kitu ambacho ningepaswa kukiandika kwenye somo. Geuza mfuniko utazame raba yake. Ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu, haishiki presha, na kiwango cha kuchemka kinashuka. Unaponunua mwingine, namba ya presha iwe ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani. Usiweke wa presha kubwa ukidhani ni nguvu, utapasua mipira.

Mzee wa Safari: Mimi natumia maji ya bomba miaka mingi na gari linatembea. Hizi kulanti ni biashara tu.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Gari linatembea, sikatai. Lakini maji ya bomba yana kalisi na magnesi, na vikipata moto hugandana ndani kama ule ukoko mweupe wa birika. Ukoko huo unaziba vijia vya rejeta. Na maji matupu hayana dawa ya kulinda aluminiamu wala sili ya pampu ya maji. Fungua mpira wa juu utazame ndani ya bomba la themostati, kisha turudi hapa tuzungumze.

Mzee wa Safari: Marahaba. Nitatazama.

Fundi Chipukizi: Gari yangu ilikuwa inachemsha, nikatoa themostati nikatupa. Sasa haichemshi. Kwa nini usiwaambie watu watoe tu?

Mwandishi: Kwa sababu siyo matengenezo. Injini sasa inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi na inajichakaza kila asubuhi. Chanzo cha kuchemsha bado kimo mle. Nunua themostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto uone inafunguka nyuzi ngapi, kisha uirudishe. Kijivali kidogo cha kupitisha hewa, kama kipo, kielekee juu.

Kijani na Nyekundu: Niliyokuta ni ya kijani, nimeongeza nyekundu. Kuna shida?

Mwandishi: Rangi ni ya kiwanda tu, haikuambii kilichomo. Nyekundu mbili za makampuni mawili zinaweza kuwa vitu tofauti kabisa. Soma aina iliyoandikwa nyuma ya dumu: kuna zenye silikati, kuna zenye fosfeti, kuna za asidi za kikaboni. Zikikutana vibaya, dawa za kuzuia kutu hudhoofika, na wakati mwingine huganda kama uji. Kama hujui ulichochanganya, suuza hatua ya 6 uanze upya.

Kijani na Nyekundu: Hayo maji yaliyokenekwa ndiyo maji ya betri?

Mwandishi: Angalia sana hapo. Kuna "maji ya betri" ambayo ni ya kuongezea, hayo ni sawa. Na kuna watu huita hivyo hivyo tindikali ya betri mpya. Hiyo ikiingia kwenye rejeta umeiua. Soma chupa.

Van ya Familia: Habari za leo. Mimi nina van, injini iko chini ya viti vya mbele, na kuna hita ya abiria nyuma. Nimefuata hatua zote, mbele moto, nyuma inapuliza baridi. Mpira wa juu ni wa moto, feni imewaka mara moja.

Mwandishi: Umetazama vizuri, na umenipa kila nilichohitaji. Mipira ya hita ya nyuma inapita chini ya bodi, mirefu, inashuka na kupanda, na hewa imekaa kwenye mpando. Acha ipoe. Fungua hita zote mbili moto wa mwisho. Inua pua zaidi. Kama mipira ya nyuma ina skrubu yake ya hewa, ilegeze. Jaza, washa, na baada ya themostati kufunguka shikilia mafuta kidogo, mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika moja moja, ili pampu ipate nguvu ya kusukuma hadi nyuma. Chupa iwe na maji wakati wote. Ikiwezekana mtu mwingine akae nyuma akishika mkono kwenye tundu la hita.

Raba na Hosi: Nyongeza kutoka kwangu: pigeni alama ya kalamu kwenye tangi la akiba, gari likiwa baridi. Asubuhi unatazama kwa sekunde moja. Na zulia la abiria wa mbele likiwa na unyevu wenye harufu tamu, huku kioo kinapata utando wa mafuta kwa ndani, rejeta ndogo ya hita inavuja. Msihangaike kutafuta chini ya gari.

Mwandishi: Asante sana mkuu, hiyo ya utando kwenye kioo iliwahi kunizungusha wiki nzima.

Van ya Familia: Mrejesho. Mke wangu alikaa nyuma na mkono kwenye tundu. Mara ya tatu kushikilia mafuta, chupa ikakoroma, ikameza kama nusu lita, akapiga kelele "moto!" Feni imewaka na kuzima mara mbili. Nimefunga.

Mwandishi: Safi sana. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua mfuniko utazame shingoni. Andaa robo lita pembeni.