SOMO: Una milioni mbili za akiba, uanzie wapi?

Wakuu, habari za leo.

Kila wiki kuna kijana ananiuliza inboksi: "Kaka, nina milioni moja na nusu, nifanye nini?" Nimejibu mpaka nimechoka, na kwa kuwa najibu harakaharaka, kila mmoja anaondoka na nusu ya jibu. Leo naandika mara moja kwa utaratibu. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Somo hili ni la kijana wa Tanzania aliyejibana akapata kati ya laki tano na milioni tatu. Karibu wote mnaanza na "inalipa asilimia ngapi?" Naomba mwanze na swali jingine: hii pesa nitaihitaji lini? Pesa ya mwezi ujao, ya mwakani na ya miaka kumi haziwezi kukaa sehemu moja. Hatua zote zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Maliza deni la kausha damu.
Laki tatu ya mkopo wa asilimia 20 kwa mwezi inakula 60,000 kila mwezi. Laki tatu hiyohiyo ukiiweka mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka, inakuletea 3,000 kwa mwezi. Lipa deni kwanza.

Hatua ya 2: Sawazisha majina yako.
Jina la NIDA, la akaunti ya benki na la laini ya simu yafanane herufi kwa herufi, usije ukakwama kwenye hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Tenga pesa ya dharura.
Hatua hii niliwahi kuiruka na ikaniumiza, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Piga hesabu ya mwezi wako mmoja ulivyo kweli, siyo unavyotamani uwe: chakula, nauli, umeme, bando, pesa unayotuma nyumbani, na kodi. Kama mwenye nyumba anadai miezi sita kwa mkupuo, igawanye kwa sita uijue ya mwezi. Zidisha jumla kwa tatu. Hiyo ndiyo dharura yako. Kama kila ulichonacho hakifiki hapo, basi akiba yako yote ni dharura, na hatua ya 4 hadi ya 6 bado hazikuhusu. Najua inakera kusikia hivyo wakati wenzako wanaposti hatifungani zao (pesa walizoikopesha Serikali kwa riba).

Iweke wapi? Sehemu ndogo, tuseme matumizi ya wiki mbili, ikae benki au kwenye simu. Iliyobaki iende mfuko wa pamoja (pesa za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja) ambao unatoa pesa haraka. Wengi tunatumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya namna hiyo: unaanza na 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, na hukatwi ada ya kuingia wala ya kutoka. Malipo yanafika ndani ya siku tatu za kazi. Tazama hapo: siku za KAZI. Ukiomba Ijumaa jioni, usitegemee kuishika kabla ya Jumatano. Mama akilazwa Jumamosi, utakachotumia ni ile ya wiki mbili iliyoko kwenye simu. Ndiyo sababu nimesema uigawe.

Maonyo:
– Usinunue hatifungani ya Serikali kwa pesa ya dharura. Siku utakapotaka kuiuza lazima apatikane mnunuzi sokoni, na bei anaipanga yeye kwa kuangalia riba ya siku hiyo. Unaweza kurudi na pungufu ya ulichoweka.
– Usiifunge kwenye akaunti ya muda maalumu eti kwa sababu riba imezidi kidogo. Ukiivunja kabla ya wakati, riba hiyo huipati.
– Usimkopeshe ndugu pesa hii. Kama unataka kumsaidia, mpe kutoka kwenye mshahara.
– Mchango wa kicheni pati si dharura. Hata wa rafiki yako wa chanda na pete.

Hatua ya 4: Pesa ya mwaka mmoja hadi mitatu.
Hii ni ya ada, cherehani, kodi ya fremu, mahari. Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS unaanzia 50,000, kisha unaongeza kuanzia 5,000. Akaunti ya muda maalumu ya benki nayo inafaa, ila kumbuka riba yake inakatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 10. Benki ikifa, Bodi ya Bima ya Amana inakulipa hadi milioni 7.5. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, na wakati huo kinga ilikuwa milioni 1.5 tu. Kwa akiba ya kiasi chetu, sasa umefunikwa yote.

Hatua ya 5: Pesa ya miaka mingi.
Hapa ndipo penye hatifungani za Serikali. Kima cha chini cha kila ombi ni milioni moja, na ukitaka kuzidisha hapo unazidisha kwa laki moja moja. Unafungua akaunti ya CDS (ya kutunzia hatifungani na hisa zako) kupitia benki au dalali wa soko la hisa, unaomba kwenye mnada wa Benki Kuu, na riba inaingia kwenye akaunti yako mara mbili kwa mwaka. Za muda mrefu hazikatwi kodi ya zuio kwenye riba.

Tazameni riba inavyocheza. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na asilimia 15.95. Aprili 2022 za toleo jipya zikashushwa hadi 12.56. Kwa milioni moja, wa kwanza anapata 79,750 kila miezi sita na wa pili 62,800. Ukishanunua, riba yako haibadiliki hadi mwisho. Bei ya kuiuza ndiyo inayopanda na kushuka: riba mpya zikishuka, yako ya zamani inagombewa, zikipanda, utaiuza kwa hasara. Anayeshika mpaka mwisho hasumbuliwi na hayo.

Hatua ya 6: Hisa, kwa kiasi ambacho hutakililia.
Kampuni nzuri hutoa gawio (mgao wa faida), na gawio la kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) linakatwa kodi ya asilimia 5. Lakini waliokimbilia hisa za Vodacom mwaka 2017 kwa shilingi 850 walizitazama zikiuzwa chini ya hapo kwa miaka.

Hatua ya 7: Kata siku ya mshahara. Ikikaa mfukoni wiki moja, haipo.

Maswali karibuni.

---

Mtoto wa Tandika: Mkuu somo refu. Kwa kifupi niweke wapi milioni yangu?

Mwandishi: Hatua ya 3. Kama hujapiga hesabu ya miezi mitatu, siwezi kukujibu.

Mtoto wa Tandika: Sawa, ila kuna kikundi cha WhatsApp unaweka laki unapata laki mbili baada ya siku 30. Wana ofisi kabisa.

Mwandishi: Toka kwenye kikundi hicho leo. Mwaka 2009 DECI, wale wa upatu, nao walikuwa na ofisi, na watu walipanga foleni kwenda "kupanda mbegu". Waliotangulia walivuna kwa pesa za waliofuata, na waliofuata walilia. Kama hujaweka, usiweke. Kama umeweka, usiongeze hata shilingi kwa kuambiwa ndiyo utaratibu wa kutoa. Na usimwingize mtu mwingine ili uokoe yako.

Binti wa Iringa: Shikamoo kaka. Samahani kama swali ni la kitoto. Riba ya hatifungani ikiingia benki, inakaa pale bure. Naweza kuifanyia nini?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Si la kitoto, wakubwa wengi hawalifikirii. Huwezi kuirudisha kwenye hatifungani mpaka ifike milioni, kwa hiyo iwekee mfuko unaokubali kiasi kidogo, ikue hapo. Mwenye milioni moja ya asilimia 12.56 anapata 125,600 kwa mwaka. Ukiongeza 50,000 yako kila mwezi, kama mwaka mmoja na nusu hivi milioni ya pili imetimia, unarudi kwenye mnada. Ila dharura yako iwe imekamilika kabla hujaanza mzunguko huo.

Binti wa Iringa: Nimeelewa kaka, Mungu akubariki. Na nikifariki?

Mwandishi: Jaza sehemu ya mrithi kwenye fomu, usiiache wazi. Kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba una akaunti hizo. Familia nyingi hazidai kwa sababu hazijui kama kuna kitu cha kudai.

Dereva Mwandamizi: UTT ni ya waoga. Mimi nimetoa bodaboda kwa mkataba, naletewa elfu kumi kila siku. Milioni tatu inarudi ndani ya mwaka.

Mwandishi: Sijapinga biashara popote kwenye somo. Elfu kumi kwa siku sita za wiki ni kama milioni 3.1 kwa mwaka, kweli. Sasa toa siku pikipiki iko gereji, siku kijana anaumwa, siku imeshikwa, bima, na uwezekano wa kuibwa. Halafu kwenye mkataba, ukiisha, pikipiki si yako tena. Kinachobaki kinaweza kuwa kizuri sana, ila unalipwa kwa kusimamia, na mtu anayeshinda ofisini hawezi kusimamia. Kama unaijua kazi hiyo, endelea. Lakini usimwite mwoga mtu anayelinda pesa ya matibabu ya mama yake.

Dereva Mwandamizi: Hapo kwenye gereji umesema kweli. Wakuu anayetaka kutoa boda, kadi ya pikipiki ibaki kwako hadi hesabu ya mwisho, na mkataba muuandikishane mbele ya serikali ya mtaa, mdhamini wake awepo.

Mwandishi: Ahsante, hilo sikuwa nimeliandika. Wasomaji lichukueni.

Ummu Salma: Assalaam alaykum. Sisi tusiotaka riba tufanyeje? Kila hatua naona riba.

Mwandishi: Waalaykum salaam dada. Una haki ya kuuliza. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011, na PBZ nayo ina kitengo cha namna hiyo. Ulizia akaunti za mudharaba, unagawana faida badala ya kulipwa riba. Hisa pia ni ubia, ila chagua kampuni ambayo biashara yake ni halali kwako. Ya pombe au sigara utaiacha. Mpangilio haubadiliki: dharura kwanza, ya muda mrefu baadaye. Kwa hukumu ya dini muulize sheikh wako, mimi naishia kwenye hesabu.

Mwanamvita: Na huku Mombasa?

Mwandishi: Mpangilio ni uleule, milango ndiyo tofauti. Kwenu kuna mifuko ya soko la fedha kwa dharura, na hatifungani za Serikali kuanzia shilingi 50,000 za Kenya, unaomba mwenyewe kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu ya Kenya.

Kijana wa Chanika: Vipi kuhusu kikoba? Sisi tunavunja Desemba.

Mwandishi: Kikoba ni kizuri, hasa kwa anayeshindwa kujikata mwenyewe. Angalia mambo haya: pesa zinakaa wapi, nani anaweza kuzitoa, na nani hajarejesha mkopo. Sanduku la mtu mmoja nyumbani kwake halifai. Wekeni benki au M-Koba (akaunti ya kikundi kwenye simu), ambako mtu hatoi peke yake. Na msiendelee kukopeshana hadi Novemba. Simamisheni mikopo Septemba ili madeni yarudi kabla ya kuvunja.

Kijana wa Chanika: Mweka hazina wetu hataki kuonyesha daftari.

Mwandishi: Itisheni kikao wiki hii, daftari lisomwe mbele ya wote, kila mwanachama akiwa na kumbukumbu zake. Msisubiri Desemba.