Bolti za zinki kwenye viungo vinavyotikiswa: jinsi ya kulinda nguvu ya kubana

Kiungo cha boriti ya kreni, daraja au fremu ya mashine mara nyingi huuawa na mzigo wa kawaida unaokuja na kuondoka mara mamilioni, mpaka ufa uanze kwenye ukingo wa tundu au kwenye uzi wa kwanza ndani ya nati. Zinki ina sehemu yake hapo. Chuma kikichovywa kwenye zinki ya takriban 450°C, juu yake hujengeka matabaka ya zinki iliyochanganyika na chuma, magumu kuliko chuma chenyewe na mepesi kupasuka. Mpasuko huo unaweza kuingia ndani. Lakini kwenye bolti zinazotakiwa kubana, hasara kubwa huja kwa njia nyingine: zinki hupunguza nguvu ya kubana bila mkazaji kujua.

Uzito wa hasara hiyo unaonekana kwenye kanuni za Ulaya za uchovu wa chuma, EN 1993-1-9. Kiungo chenye pleti pande zote mbili na bolti zilizobanwa kikamilifu kina daraja la uchovu la 112 (namba ikiwa kubwa, kiungo hustahimili zaidi mzigo wa kurudiarudia). Zisipobanwa ni 50, tena hesabu ikiondoa eneo la matundu kwenye eneo la chuma. Kwa tofauti hiyo, umri wa kiungo hupungua zaidi ya mara 10.

Anza na bolti zenyewe. Daraja la nguvu 8.8 halina tatizo (namba ikipanda, chuma cha bolti ni kigumu zaidi). 10.9 nunua ikiwa imechovywa kiwandani na watu wanaojua kuisafisha. Usiipeleke mwenyewe kwenye karakana ya zinki. 12.9 usichovye kabisa: haidrojeni ya tindikali ya kusafishia huingia kwenye chuma kigumu, na bolti hukatika saa au siku kadhaa baada ya kukazwa. Angalia pia alama. Nati yenye herufi Z imepanuliwa nyuzi ili ipokee bolti yenye unene wa zinki. Bolti yenye herufi U imepunguzwa nyuzi ili iende na nati ya kawaida. Ukiunganisha Z na U, nyuzi zitakatika kabla hujafika popote.

Pleti zinazogusana ziondolee matone ya zinki kwa tupa, hasa kuzunguka matundu, kwa sababu tone moja huziweka pleti mbali na nguvu yote huishia kulikandamiza hilo tone. Kanuni za Marekani (AISC) huhesabu kigezo cha msuguano kati ya pleti cha 0.50 kwa chuma kilichopulizwa mchanga na 0.30 kwa kilichochovywa zinki: kazi ya bolti 3 inakuwa ya bolti 5. Msanifu akitaka zaidi, pulizia mchanga kidogo, zinki ikwaruzike tu bila kuondoka. Brashi ya waya ya mashine usiitumie; inang'arisha badala ya kukwaruza.

Sasa ulainishaji, mahali ambapo kazi nyingi huharibikia. M20 (bolti ya kipenyo cha milimita 20) ya 8.8 inahitaji kubana kwa takriban 137 kN, yaani 0.7 × nguvu ya chuma chake, 800 N/mm² × eneo la uzi, 245 mm². Nati iliyopakwa nta kiwandani ina kigezo cha torki (kipimo cha msuguano wakati wa kukaza) kama 0.14, hivyo torki, yaani nguvu ya kusokota, ni 0.14 × 0.020 m × 137,000 N = 384 Nm. Nati hiyo hiyo ikinyeshewa, ikajaa vumbi na nta ikatoka, kigezo kikafika 0.25, spana ya torki italia kwenye 384 Nm ile ile huku bolti ikibana kwa 77 kN tu. Ukiongeza torki kwa nguvu, unaisokota bolti mpaka ikatike. Hifadhi nati kwenye ndoo yenye mfuniko, fungua za siku hiyo tu, na jaribu seti chache za kila shehena kwenye kifaa cha kupima mvuto wa bolti. Kilainishi kikae kwenye nyuzi na uso wa nati unaozunguka, kisiguse pleti.

Kaza kwa hatua mbili, ukianzia katikati ya kiungo kwenda nje. Kwanza zote kwa asilimia 75 ya torki, hapa kama 290 Nm. Kisha weka alama ya rangi kwenye nati, ncha ya bolti na pleti, uzungushe nati digrii 60 kama unene unaobanwa, washa zikiwemo, haufiki kipenyo cha bolti mara mbili. Unene wa kuanzia mara mbili hadi kabla ya mara sita ni digrii 90. Mzunguko haudanganywi na msuguano kama torki inavyodanganywa.

Zinki laini ya juu hubonyea polepole chini ya mgandamizo. M20 inayobana milimita 40 inavutika kama 0.1 mm tu. Matabaka yote yakibonyea mikroni 10, umepoteza asilimia 10. Kwenye milimita 100 ni kama asilimia 4. Kwa hiyo pleti nyembamba ndizo za kuogopa: usizirundikie washa za ziada zenye zinki, na zikague tena baada ya siku chache, kwani upotevu mwingi hutokea mwanzoni. Bolti ya zinki iliyokwisha kukazwa kikamilifu na kufunguliwa usiirudishe. Weka seti mpya.

Kwenye ukaguzi, tafuta unga wa kijivu au mweusi unaotoka kati ya pleti. Unga huo maana yake pleti zinasuguana, na nyufa za msuguano huweza kuanza pembeni ya tundu, chini ya washa, mahali ambapo huwezi kuziona bila kufungua.