Kuziba Tundu la Moyo kwa Katheta Pale Njia ya Kinena Inaposhindikana

Tundu lililo katikati ya ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo kwa kawaida huzibwa kwa kifaa chenye diski mbili, moja kila upande wa ukuta, kinachofikishwa kwa katheta (mrija mwembamba) inayopitishwa kwenye mshipa wa kinenani. Lakini wapo wagonjwa ambao mshipa huo umeziba kutokana na matibabu ya utotoni, na wengine wamezaliwa vena kava ya chini (mshipa mkubwa unaorudisha damu ya sehemu ya chini ya mwili moyoni) ikiwa imekatika, damu ikizunguka kwa vena azigosi, mshipa mwingine unaopanda kando ya uti wa mgongo. Chunguza hilo kwa ultrasaundi, na ikibidi kwa CT (picha za eksirei za kompyuta), kabla ya siku ya tiba, kwani kuligundua mgonjwa akiwa mezani ni kumwongezea hatari bure.

Njia ya shingoni, upande wa kulia, ni rahisi kuingia. Ugumu wake ni kwamba katheta hushuka karibu sambamba na ukuta, hivyo diski ya kushoto huelekea kupenya tundu kwa ukingo badala ya kulala bapa; mrija wa kuongozea wenye ncha inayopindishwa husaidia sana.

Njia ya ini huufikia ukuta kwa pembe nzuri zaidi. Sindano huongozwa kwa ultrasaundi hadi kwenye mshipa wa ini. Hatari kubwa ni kuvuja damu tumboni, kwa hiyo, kwa maoni yangu, ichaguliwe tu na timu iliyozoea kuziba njia hiyo kwa koili (waya mdogo uliosokotwa) au kizibo wakati wa kutoa mrija.

Kabla ya kukiachia kifaa, kivute taratibu na uthibitishe kwa ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) kwamba hakigusi vali.