Ukipitia Addis Ababa: ya kuweka sawa ukiwa bado Kigoma

Tiketi yangu ya kwanza ya kwenda Guangzhou, China, kupitia Addis Ababa, Ethiopia, kufuata vipuri vya pikipiki iliandikwa 03:40, tarehe 14. Nikaisoma kwa akili ya Kigoma: saa tisa na dakika arobaini, usiku wa tarehe 14. Basi tarehe 14 mchana nikawa Kariakoo, nachagua sanduku kwa raha zangu, kumbe ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwenye tiketi siku mpya huanza saa sita usiku, si jua linapochomoza. Ukiona saa inayoanza na 00 mpaka 05, jua kwamba uwanjani unaenda usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Iandike kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ya tiketi, kisha mpe mtu mwingine aisome.

Addis kuna jambo la kutufurahisha na la kutuponza kwa pamoja. Wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja inafuata. Majira yao pia ni yale yale ya Tanzania, hivyo saa ya mkononi hutaigusa. Lakini dereva anayejaribu kukusaidia kwa Kiingereza anaweza kukwambia "three o'clock" akiwa na maana ya saa tatu asubuhi, na karani wa hoteli akatamka maneno hayo hayo akimaanisha saa tisa alasiri. Usibishane naye. Mwonyeshe simu, aguse namba kwa kidole. Kalenda yao nayo ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo risiti yenye mwaka wa ajabu isikushtue.

Kabla ya Addis kuna Dar, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Ndege ya kutoka Kigoma huweza kuchelewa au kuahirishwa, na kama tiketi ya ndani umekata mbali na ya nje, ya pili ikikuacha hasara ni yako. Mimi sasa nafika Dar siku moja kabla, nalala kwa shemeji. Tazama pia kile kikaratasi wanachofunga kwenye begi pale kaunta. Kila uwanja una herufi zake tatu; Kigoma ni TKQ. Kikiandikwa DAR peke yake, begi litaishia Dar: utalichukua mwenyewe Terminali 2 na kulipeleka Terminali 3 ukaanze upya. Kikiwa na herufi za mji wa mwisho wa safari, mtaonana huko. Kwa vyovyote, begi likishapita hutaliona tena Addis, kwa hiyo dawa, chaja, nguo moja ya kubadili na sweta viwe kwenye begi la mkononi. Sweta silisemi kwa mzaha. Sisi ukingoni mwa ziwa tuko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, wao wamepita 2,300, na kati ya Juni na Septemba mvua yao haina utani.

Halafu mawese. Mama mdogo hawezi kukuacha uondoke bila chupa ya mawese kwa ajili ya mtoto wake aliyeko huko, na aliyepitia Tabora atakuwa na asali. Ukivipakia kwenye begi la mkononi vitachukuliwa kwenye ukaguzi, maana kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti, hata kama kimefungwa vizuri namna gani. Na ukaguzi wa transiti unarudiwa. Niliona mama mmoja akiinusa chupa yake mara ya mwisho kabla ya kuiweka kwenye pipa. Weka kwenye begi kubwa, chupa ya plastiki, kifuniko kizungushiwe selotepu, mfuko juu ya mfuko. Dagaa wakavu vivyo hivyo, ila kwanza uliza kama nchi unayokwenda inaruhusu samaki.

Kutoka nje ya uwanja ni kuingia nchini, kwa hiyo viza lazima. Masharti hubadilika. Uliza ubalozi au shirika la ndege kabla hujalipa nauli, na hapo hapo uliza kama wanakupa hoteli kwa kusubiri kwa muda mrefu, maana baadhi ya mashirika hutoa na msafiri asiyeuliza analala kwenye kiti. Cheti cha homa ya manjano kikae na pasipoti. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, usiifuate siku ya mwisho.

Sasa piga hesabu ya muda utakaosubiri Addis. Toa saa moja ya kushuka na uhamiaji, toa moja ya foleni za barabarani, toa tatu za kuwa umerudi kabla ya ndege. Aliye na saa sita amebakiwa na moja: akae ndani, anyooshe miguu, aswali, alale. Mwenye saa tisa za kusubiri au zaidi ndiye mji unamfaa.

Na mji usiutake wote. Merkato ni soko kubwa mno kwa mwenye haraka na mfuko wa pasipoti. Mimi nachagua upande wa Arat Kilo, ambako Makumbusho ya Taifa na Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alikozikwa Haile Selassie, haviko mbali. Makumbusho wamemweka Lucy, ambaye wenyewe humwita Dinkinesh, mifupa ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ya miaka milioni 3.2, iliyopatikana Hadar mwaka 1974. Inayoonyeshwa ni nakala, lakini kimo chake kile cha mtoto kinakusimamisha. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, ubadilishe dola chache tu, maana birr, fedha yao, ukitoka nayo huna pa kuitumia. Plagi zetu za pini tatu kule haziingii, beba adapta ya pini mbili za mviringo.

Ukikaribishwa kahawa, uliza muda kwanza. Wanaikaanga mbele yako, wanaitwanga, wanaichemsha kwenye birika la udongo, na inanywewa mizunguko mitatu: abol, tona, na wa mwisho baraka, neno ambalo hutahitaji mkalimani. Mimi mara mbili zote nimeishia tona, dereva yuko nje anapiga honi.